Kebini 614

Soketi iko kule, juu ya meza ya kioo;
kitanda kiko huku. Waya haufiki.
Ule wa kuongezea waliuchukua bandarini Bergen,
wakampa Oddvar risiti, kama mtu aliyeacha koti.

Borghild hakusema neno. Aligeuza mito,
vichwa vikaenda kulala miguuni.
Rodelio, mhudumu, akaleta maji yaliyokenekwa,
lita moja, na leso nyeupe chini ya chupa,
utadhani divai.

Miaka kumi na tisa amelala akihesabu:
anakoroma, anakoroma, kisha kimya,
moja, mbili, tatu… ishirini na sita,
halafu kiwiko cha ubavu.
Pumua, bwana wee!

Sasa mashine inapumua kwa niaba ya wote wawili.
Barakoa imemfanya rubani wa ndege za zamani;
alipojiona kiooni alicheka,
hewa ikavuja kwa mluzi.
Nje milima inapita na mabaki ya theluji,
jua la Juni linasuasua kuzama.

Saa nane za usiku Oddvar anafumbua jicho.
Borghild amelala, mdomo wazi.
Anakoroma. Yeye!
Kisha kimya.

Oddvar anaanza kuhesabu.