Mfuko wa Aune

Aune Lehtola aliuza ng'ombe wake wa mwisho
mwaka ule theluji ilipofika madirishani.
Akapanda ngazi hadi ofisini kwetu, juu ya duka la rangi,
hundi imekunjwa mara nne ndani ya glavu.
"Huyu msimchinje," akasema. "Mkamueni tu."

Nikaandika: mtaji usiguswe, faida itoke kila Machi.

Ni miaka kumi na tisa tangu tumzike
na bado anakamuliwa.
Mwaka juzi yalitoka matairi ya theluji
ya gari linalowapeleka wagonjwa wa figo Marquette.
Mwaka jana, jokofu la ghala la chakula kule kanisani,
na miwani ya watoto wawili wa akina Paquette;
hiyo haikuwamo kwenye fomu,
Verna aliichomeka pembeni kwa penseli.
Bodi ikanuna, ikapitisha.

Mimi kazi yangu ni kusoma barua.
Wapo wanaojua kuomba, maneno yao yamepigwa pasi.
Na yupo Eino wa zimamoto, wale wa kujitolea,
aliyeleta mstari mmoja: Mpira wetu unavuja.
Nikampigia simu.
Fomu tuliijaza pamoja, yeye akikohoa, mimi nikiandika.

Leo ameingia kijana, grisi hadi viwikoni,
akaweka dola arobaini mezani, akauliza
kama zinatosha kuwa mfuko.

Hazitoshi.

Nikamvutia kiti,
nikamweleza habari za ndama.