Mguu wa Kushoto

Saa nane usiku. Riga imeganda,
mto Daugava umejifunika barafu gubigubi.
Namfunua bwana Imants miguu tu,
uso nauachia mashine.

Mapafu yake yako kwenye mashine, na moyo pia:
damu inatoka nyeusi, inarudi nyekundu,
pampu inazunguka bila kudunda.

Mpira mnene umeingia kinenani
ukauziba mlango uliokuwa wa mguu.
Ndiyo hesabu yetu mbaya:
tunaunywesha ubongo, wayo unashikwa na kiu.

Basi Dokta Vītoliņa akapenyeza kando yake mrija mwingine,
mwembamba kama ule wa wino ndani ya kalamu,
upeleke kijito chini
hadi kidole cha mwisho.

Kazi yangu ni kidole cha mwisho.

Naminya ukucha, nahesabu moja, mbili,
weupe uondoke.
Nagusa kwa mgongo wa kiganja, kulia kwanza, kisha kushoto,
maana baridi haijulikani mpaka ipate jirani.
Naminya shavu la mguu: bado laini kama unga uliokandwa.
Siku likiwa gumu, siulizi ruhusa, naamsha watu.

Napaka jeli, natega sikio kwenye spika ndogo.
Hakuna mdundo. Kuna shhh ndefu,
upepo ndani ya bomba.

Mkewe alinikuta mlangoni jioni
na viatu vyembamba vya ngozi mkononi.
"Hupiga kinanda cha kanisa," akasema.
"Nusu ya muziki wake iko miguuni."
Hakuuliza kama ataishi.
Aliniachia viatu.

Mwaka jana, chumba cha pili, tulichelewa.
Saa moja tu. Kijana alirudi kwao na moyo mzima
na suruali iliyokunjwa, ikafungwa kwa pini.
Wakamwambia ashukuru, yu hai. Akashukuru.
Tangu hapo silipendi neno "tu".

Saa tisa. Kioo kinasema:
kulia sitini na nane, kushoto hamsini na moja.
Nasikiliza. Shhh imekonda.
Nafuata mrija kwa vidole, taratibu, chini ya shuka,
mpaka pale godoro lilipoukunja.

Naunyoosha.
Hamsini na tano.
Nje gari la chumvi linapita.
Sitini na mbili. Sitini na sita.

Naandika daftarini: mguu wa kushoto, vuguvugu.
Linanitosha
mpaka saa kumi.