Nitrojeni ya Ng'ombe

Mwasulama kafika Isongole na pikipiki yake,
mtungi wa uhimilishaji umefungwa kwa mpira nyuma.
"Lita moja tu, Mwalimu Atupakisye. Jioni nina mtamba Ndaga,
na mtamba hangoji fizikia."

Julai. Ukungu wa Rungwe umeingia darasani bila hodi.
Kwenye sahani ya bati nimeweka kidonge cheusi,
kauri yenye shaba na oksijeni, kipana kama kifungo cha koti.
Lusekelo alikioka huko alikokwenda kusoma, akanitumia ndani ya soksi.
Namwaga. Moshi unatambaa sakafuni, watoto wanainua miguu.
Kisha naweka sumaku,
nayo haigusi chini.

Tumpale anapitisha karatasi katikati,
anarudia,
hasemi neno.

Joto la juu, ndivyo wanavyoliita.
Nyuzi mia na themanini chini ya sifuri,
na sisi tulioamka viazi vimeungua kwa jalidi
tunacheka mpaka madirisha yanatoa jasho.

Sasa kaeni nilivyowapanga. Kila kiti na mtu wake
(cha dirishani msikihesabu).
Huyu atazame mlima, jirani yake aupe mlima kisogo,
hivyo hivyo, mmoja hivi, mmoja vile, mpaka ukutani.
Huo ndio mzunguko wa elektroni. Haya, sogeeni.
Hakuna anayesogea. Atakwenda wapi?
Chaji imekwama kwa kujaa, si kwa uvivu.

Namtoa Gwantwa akalete chaki.
Kiti kitupu kinaanza kutembea:
Aneti anakihamia, Brayani anadaka kilichoachwa,
na kinakopita utaratibu unachafuka,
wa mlima kaketi na wa mlima,
wanakunjiana nyuso.
Namtoa wa pili.
Pengo lake linafuata nyayo za lile la kwanza,
na kila linapopita, majirani wanarudi kupishana macho.
La kwanza linavuruga, la pili linatengeneza.
Huenda ndiyo maana yanatembea mawili mawili,
na njia haiwapigi tena viwiko.

"Huenda, Mwalimu?"
Huenda. Wapo wanaoapa ndivyo, wapo wanaobisha,
miaka nenda rudi, na kauri yenyewe haijatoa ushahidi.
Nafuta ubao nisije nikaandika zaidi ya ninachojua.

Kile kiti cha dirishani ni cha Ambele.
Tangu Mei yuko Katumba, anachuma chai ya watu.
Sikukiingiza kwenye mchezo.
Hicho hakitembei.

Moshi unakwisha. Sumaku inalegea upande mmoja,
inapiga goti kama ng'ombe anayetaka kulala,
tii, inatua.

Nje, Mwasulama anachovya kijiti mtungini,
anakitoa, anasoma ukungu ulipoishia.
"Inatosha mtamba," anasema,
na kupiga kiki.