Kopo la Hamira

Dilovan, fundi wa kreni pale Kilindini,
aliniuliza kama tuna mto.
Nikamwambia: Mombasa ni kisiwa, ndugu yangu,
tuna bahari, tuna visima, tuna mifereji isiyotoka maji.
Akacheka. Basi nipeleke, alisema,
penye maji ambayo jirani yuaonekana ng'ambo.

Nikampeleka Jomvu Kuu, Jumapili,
tukashuka hadi ukingo wa hori,
mikoko imeling'ang'ania tope kwa vidole,
na upande wa pili mtu anafua,
hata kikohozi chake twakisikia.
Hapo akaanza kuutoa mji wake
kidogo kidogo, kama mtu ajitoaye miba mguuni.

Mji mdogo, ramani huuruka.
Mto katikati. Huku Wakurdi, kule Waarabu,
daraja moja, tanuri moja, nalo tanuri liko kule.
Mamake huvuka na kinyunga, hurudi na mkate na habari:
nani kaposa, nani kavunja uchumba,
mbuzi wa nani kala zulia la nani.
Arusini Waarabu huleta matari,
Wakurdi huleta mabega,
mstari mmoja, na wa mwisho hupunga kitambaa.
Maji sisi ni av, alisema. Wao, maa.
Na sisi hapa mai, nikamwambia.
Mai, akarudia, mai,
kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

Bi Zeyana alikuwa uani, anaoka mofa.
Harufu ilipotufikia
Dilovan alinyamaza katikati ya neno.

"Mwarabu huyu?"
"La, mama."
"Muhindi?"
"La. Mkurdi."
"Na Wakurdi nchi yao wapi?"
Akachora kwenye unga uliomwagika,
mistari minne,
akaweka kidole pale ilipokutana.
Bi Zeyana akautazama ule unga.
"Mm. Nyumba ya urithi hiyo.
Kila mtu ana chumba, ila aliyezaliwa humo."
Akampa mofa ya kwanza, ya moto, bila sahani.

Ndipo akalitaja daraja.
Hakusema lilivyovunjwa. Alisema: asubuhi halikuwepo.
Mamake akajenga tanuri lake
kwa udongo na matusi, lakini hamira hana.
Basi Abu Nayif, mwoka mikate wa ng'ambo,
alipanda kando ya mto hatua mia tatu,
akatia donge la hamira katika kopo la samli,
akalifunika, akaliachia.
Maji yakalileta. Kila Jumatano yakalileta.

"Na makopo mliyarudishaje?"
"Hatukuyarudisha. Mkondo wa pale huja kwetu tu,
kwenda kwao haujui.
Mama aliyaosha, akayapanga ukutani.
Arubaini na moja."

Bi Zeyana aligeuza mofa. Ikaungua kidogo, hakuitoa.

Nje, maji ya hori yalikuwa yamesimama,
hayajai, hayapwi.
Kisha jani moja la mkoko likaanza safari
kuelekea vilimani.
Dilovan akainuka, mkate mdomoni.
"Mto wenu unarudi!"
"Hurudi kila saa sita," nikasema, "ila si mto hasa, ni..."
Lakini alikwisha lichukua kopo la hamira,
akakaza kifuniko,
akaingia topeni na viatu vyake vya bandarini,
akaliweka majini kama mtu amlazaye mtoto.

"We! Kopo langu hilo!"
"Litarudi, mama."
"Likinasa mikokoni, utaingia wewe kulitoa?"
"Nitaingia."
Hakuingia. Zamu yake ilikuwa ya jioni,
na kreni haingoji mtu.
Njia nzima alikaa na unga kwenye kidole
asiufute.

Jumatatu asubuhi, simu. Bi Zeyana.
"Mwambie Mkurdi wako kopo limerudi."
"Alhamdulillahi."
"Ngoja. Si langu.
Langu kifuniko chekundu, hili la buluu,
sijui la nani, wala limetoka wapi."
Akavuta pumzi.
"Na limeoshwa."