Hadi Kumi na Tisa

Fulana ya kijani, ya kampeni iliyopita,
Mideva ameishonea mfuko mgongoni,
na ndani ya mfuko mpira wa tenisi
aliouokota nyuma ya shule.
"Ukilala chali, Baba, utakufinya."
Ana miaka kumi na mmoja. Anakata uzi kwa meno
kama fundi wa Gikomba anayedaiwa kodi.

Nimejaribu mengine.
Mito miwili: shingo ilikaza hadi Jumatano.
Mvuke wa mkaratusi, taulo kichwani,
nikatoka nimeiva kama kiazi, nikakoroma vilevile.
Plasta mdomoni: niliamka nikaikuta kwenye nyusi,
sijui ilipitia wapi.
Niliacha hata bia ya saa tatu. Hiyo iliniuma.

Mutunga wa mlango wa pili, ukuta wetu ni karatasi,
alianza kwa ufagio: ko, ko, ko.
Siku hizi ananingoja kwenye ngazi.
"Jirani, jana ulikuwa unapanda Limuru kwa gia ya kwanza?"
Nacheka. Kesi ya usingizini haina utetezi:
mshtakiwa hakuwepo.

Kisha Kageha akachukua blanketi lake
akahamia chumba cha watoto, kitanda cha chini.
Hakugombana.
Angegombana, ningejua la kujibu.

Usiku mmoja aliacha simu chini ya mto wangu, inarekodi.
Asubuhi, chai ikiwa jikoni, akanisikilizisha.
Kwanza mbwa wa Umoja, honi ya mbali,
halafu msumeno, msumeno, msumeno,
nami nikamtambua mwenye sauti.
Si mimi. Ni baba,
Makongeni, chumba kimoja, saa sita mchana,
ametoka lindo la usiku kiwandani,
koti lake zito limening'inia msumarini,
na sisi tunatembea kwa ncha za vidole,
tunagombania uji kwa ishara.

Siku aliponyamaza tulifurahi.
Nasema kweli, tulifurahi.
Kaka alifungulia redio.
Tulicheza hadi mama aliporudi kutoka sokoni.

"Sikiliza hapa," Kageha alisema, akaongeza sauti.
Hapakuwa na kitu.
Chai ilifurika jikoni, hakuna aliyeinuka.
Midomo yake ilikuwa ikisogea:
kumi na sita, kumi na saba.
Kwenye kumi na tisa mtu alivuta hewa
kama anayetolewa kisimani.
"Kelele nilizizoea mwaka wa kwanza," akasema.
"Mimi nakimbia pale unaponyamaza."

Daktari, kijana mwenye viatu vyeupe,
alinizungushia futi ya kitambaa shingoni,
inchi kumi na saba,
akaandika kana kwamba nataka suti.
Akauliza baba yangu alifariki kwa nini.
Nikasema: usingizi.
Kalamu ikasimama.

Sasa kuna karatasi kwenye mlango wa friji,
kipimo cha usingizi, mwezi ujao.
Bei yake tumeikunja kwa nyuma isituangalie tukila.
Na kuna kilo kumi za kupunguza,
na kuna mimi, nikipita mbele ya muuza mutura
kama mtu asiyemjua.
Hadi hapo, mpira.

Saa nne usiku. Nimelala ubavu, nautazama ukuta wa Mutunga.
Mpira unanigusa chini ya bega,
kidole cha mtu anayeniita bila haraka.
Mlango unalia bawaba. Blanketi linaingia kwanza.

Kageha hasemi kitu. Anajipenyeza nyuma yangu,
anausogeza mpira kidogo upate pake kati yetu,
anaweka kiganja juu ya mbavu zangu.
"Koroma tu," ananiambia. "Mimi niko macho."

Dakika tano hazijaisha, kiganja kimekuwa kizito,
pumzi yake inakwaruza, kidogo, kwa adabu.
Aliye macho ni mimi,
na najikuta nahesabu.