Ya Kusomwa Tu

Newala, msimu wa salfa.
Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu,
umepenya chini ya mlango wangu,
na mimi nasoma.

Karatasi ni stakabadhi za ghala, za waridi:
kilo themanini na moja, daraja la pili,
mali ya Nangumbi, Kitangari.
Geuza. Penseli. Onyesho la Kwanza.

Fulgensi, karani asiyepoteza hata kilo,
alinipa dirishani kama mtu anayerudisha bakuli.
"Si ya kuchezwa," akasema. "Ya kusomwa.
Na usisome kwa sauti."

Wahusika wawili: Wa Kwanza, Wa Pili.
Majina hakuwapa. Wala nguo.
Na maelekezo yake, nani angeyaweza?
(Mvua inanyesha kwenda juu.)
(Wa Kwanza anamtazama Wa Pili kwa muda wa miaka sita.)
Seremala gani wa hapa angelichonga hilo,
na wanafunzi wangu, siku ya mahafali,
wangesimama wapi miaka yote hiyo?

Miaka kumi na moja nimeandika ubaoni,
chaki hadi kwenye kiwiko:
a- ni kiambishi cha nafsi. m- ni cha yambwa.
Anampenda. Changanua.
Sikuwahi kuuliza yupi mwenye ndevu.
Kiswahili chenyewe hakiulizi.
Kina ua wa makuti, lugha hii,
na Fulgensi ameingia humo, amevua viatu, ameketi.

Ndiyo maana haichezwi.
Mpandishe mtu jukwaani, a- inaota kifua,
m- inatoa sauti nzito,
na huko kwenye mabenchi wa kwanza kucheka
anageuka kumtafuta mwenyekiti.

Onyesho la Tatu.
(Anamfuta salfa kwenye kope. Polepole. Taa isizimwe.)
Hapo penseli imekandamizwa hadi ikatoboa,
na kilo za Nangumbi zinachungulia tunduni.

Mimi niliwahi kuingiwa na salfa machoni.
Julai ile, shambani kwa mama yake.
Nilidhani amesahau.
Nilidhani mimi nimesahau.

Mama Chilumba anakohoa nyuma ya ukuta.
Napunguza utambi. Nasoma kwa midomo,
Wa Kwanza, kisha Wa Pili,
bila kujua nibadilishe nini
pale ambapo sauti haipo.

Kisha ukurasa wa mwisho:

WA PILI:

nukta mbili, na baada yake waridi tupu,
hata mstari haukupigwa.

Nachonga penseli kwa wembe.
Naandika neno. Nafuta. Karatasi inachubuka.
Naandika lile lile.

Kesho ni siku ya mizani, atakuwa ghalani tangu saa moja,
wapagazi wakibishana juu ya unyevu,
mchana kweupe, watu kibao.
Nitapita tu, kama mtu anayerudisha bakuli.
Na bakuli la watu, mama alinifunza,
halirudishwi tupu.