Herufi S

Jumapili umeme umekatika, barabara ya kumi na tatu,
nami nimemwaga boksi la viatu juu ya mkeka:
kadi mia mbili arobaini na moja,
zile zilizokuja na jojo,
zikinukia sukari na wino
hata kabla hujachana karatasi.

Mwajabu, binti yangu, anataka tupange kwa rangi ya jezi.
Mama yake, anayepita na beseni la dagaa,
anasema tuzipange jikoni, chini ya sufuria.
Mimi karani wa stoo, miaka kumi na tisa bandarini,
kitu kisicho na namba kwangu hakipo.
Na Ngamiani ndiyo iliyonilea hivyo:
barabara zinahesabiwa kama watoto wa mama mmoja,
ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka miguu ikuume.
Anayepotea huku kataka mwenyewe.

Haya. Namba moja, kipa mwenye masharubu,
kona zimelika zote nne,
nilimpata kwa machungwa mawili ya Muheza.
Namba tisa ana tobo jichoni:
Akida alimpigilia msumari mlangoni mwa choo chao,
eti awe mlinzi.
Namba ishirini na tatu ziko saba. Saba!
Kila ukinunua jojo, yeye. Tulimwita Jini.
"Alikuwa hodari?" Mwajabu anauliza.
Sijui, mwanangu. Hatukuwahi kumwona akicheza.
Tulijua tu anavyopinduka
ukimpiga kofi sakafuni,
na alivyokuwa mkaidi, akilala chali
upande wa kushindwa.

Hamsini na saba.

Hapa mkono unasita.
Nyuma yake, kwa kalamu ya buluu, herufi moja: S.
Ilikuwa Ijumaa, mchana, watu msikitini,
viatu vimejipanga nje kwa safu,
nikaichomoa ndani ya daftari la Semkuya
nikaitia kwenye soksi.
Alilia siku mbili.
Na mimi nikamsaidia kuitafuta.
Hilo ndilo: nilimsaidia kuitafuta,
nikaingia hadi mvunguni mwa kitanda cha bibi yake,
kadi ikinikwaruza kisigino.

Miaka thelathini na miwili.
Nikachukua baiskeli.

Semkuya siku hizi anatengeneza majokofu Makorora.
Nikaitoa ndani ya bahasha ya mshahara,
nikasema yote, nimesimama, jua la saa nane kichwani.
Akafuta mikono. Akaigeuza. Akaigeuza tena.
Akacheka hata bisibisi ikamponyoka.
"Hii si yangu, bwana. Yangu ilitafunwa kona na mbuzi.
Tena sikuandika S. Niliandika jina zima,
sikumwamini mtu."
Akanirudishia.
"S! Tanga hii! Kamuulize Shemndolwa,
kamuulize Sembuche, Shekigenda,
muulize yule Sechonge wa maandazi.
Mwalimu akifika kwenye S, hukumbuki?
alikuwa anakunywa maji kwanza."

Nikarudi nikiburura baiskeli kama mgonjwa.
Ya Semkuya niliiba, hilo nalijua, naye analijua sasa.
Iko wapi?
Na hii niliiba kwa nani,
nikamsahau mtu mzima, na kilio chake kama alilia?
Karani gani mimi,
nisiyejua hata hesabu ya wizi wangu?

Nyumbani umeme umerudi.
Albamu imekamilika, mifuko imenyooka,
kadi zote zinang'aa chini ya taa.
Pale hamsini na saba, Mwajabu ameweka Jini mmoja.
"Wako wengi, Baba. Hapungui."

Nimefungua daftari, nikapiga mstari kwa rula:
57. Ipo. Mwenyewe anatafutwa.
Bandarini mzigo wa namna hii hungoja siku zake,
kisha ukanadiwa.
Huu sijauandikia siku.
Nimeuweka mfuko wa shati, na shati nimelitundika
nyuma ya mlango,
Jini akiwa amelala pale albamuni, chali,
katika namba isiyo yake.